Ushanga, Vidole Viwili Juu ya Ndoana

Jioni moja ya mwisho wa Agosti mke wangu alinikuta jikoni hapa Anchorage nimeinamia meza iliyotandikwa magazeti, mbele yangu kiazi kikubwa kilichochomekwa vijiti vya meno zaidi ya ishirini, na kila kijiti kimevishwa ushanga mmoja wa rangi ya chungwa. Kichupa chake cha rangi ya kucha, ile inayometa kama lulu, kilikuwa wazi mkononi mwangu. Alisimama mlangoni kwa muda, kisha akauliza, "Baba Njeri, hizo shanga unamtungia nani?" Mke wangu ni mtu wa Mombasa, na kwao shanga zina mahali pake pa kuvaliwa na zina mwenye kuzivaa, kwa hiyo swali halikuwa la bure. Nilimjibu kwamba namtungia samaki. Alikichukua kichupa chake, akakiinua kwenye taa kutazama kilichobaki, akakirudisha mezani na kuniambia kwamba kesho nimnunulie kingine.

Nimeona niandike habari za shanga hizo kwa utulivu, kwa sababu kila ninapowatumia jamaa zangu wa Nyeri picha ya trauti niliyemvua, swali lao la kwanza huwa ni chambo gani nilichotumia, na jibu la kwamba ni ushanga huwafanya wadhani ninawatania. Wahenga walisema mtego bila chambo haunasi. Mimi ninavua katika maji ambayo chambo kimepigwa marufuku, kwa ndoana tupu isiyokuwa na hata unyoya mmoja, na inanasa.

Maji yenyewe ni ya Mto Kenai, katika rasi ya jina hilo hilo kusini mwa Anchorage. Kutoka kwangu hadi Cooper Landing, pale mto unapotoka katika Ziwa Kenai, ni mwendo wa gari wa kilomita 160 hivi, na kutoka hapo mto unakwenda kilomita zipatazo 132, ukipitia ndani ya Ziwa Skilak, hadi unapomwaga maji yake katika ghuba ya Cook Inlet. Ni maji ya barafu iliyoyeyuka milimani, yenye baridi inayouma mifupa hata katikati ya kiangazi, na vumbi laini la miamba iliyosagwa na barafu hiyo huyapa rangi ya kijani inayoelekea samawati. Watu wengi huujua mto huu kwa ajili ya samoni. Mwaka 1985 alivuliwa humo samoni mmoja wa aina ya king aliyekuwa na uzito wa ratili 97 na wakia 4, yaani kilo 44 na ushei, na mpaka leo rekodi yake ya uvuvi wa fimbo haijavunjwa. Lakini mimi simfuati samoni. Namfuata anayemfuata samoni.

Samoni wa Pasifiki huzaliwa mtoni, huenda baharini kukua, kisha hurudi mtoni mara moja tu, huzaa na kufa. Yule aitwaye sockeye, ambaye ndiye mwingi zaidi katika Kenai, huingia akiwa mweupe kama fedha, na kadiri siku zinavyopita mwili wake hugeuka mwekundu na kichwa chake kijani. Ifikapo Agosti na Septemba jike hulala ubavu juu ya changarawe na kuipiga kwa mkia mpaka ichimbike shimo, hutaga mayai humo huku dume akiyamwagia manii, kisha husogea hatua kidogo dhidi ya mkondo na kuchimba tena, ili changarawe ya shimo la pili ifunike mayai ya lile la kwanza. Jike mmoja hubeba mayai kati ya 2,000 na 4,500 hivi, na si yote yanayoingia shimoni: mengine huponyoka na kuchukuliwa na maji, na mengine hufukuliwa na jike mwingine aliyechelewa kufika na kuchimba mahali pale pale. Nyuma yao, upande maji yanakoelekea, ndipo wanapojipanga trauti na binamu zao waitwao Dolly Varden, kama kuku wanavyojipanga upande wa upepo mama anapopepeta mpunga.

Yai la samoni lina mafuta na protini nyingi, na tofauti na mdudu au dagaa, halikimbii. Trauti ambaye mwezi Juni alikuwa mwembamba na mwenye wasiwasi, akichagua kila anachokitia mdomoni, mwezi Septemba huwa amenenepa mpaka kichwa chake kinaonekana kidogo, na wakati huo hana habari na kitu kingine chochote kipitacho mbele yake. Ndiyo sababu wavuvi wa Alaska walifikia kwenye ushanga. Unahitaji kitu cha mviringo, chenye ukubwa wa yai na rangi ya yai, kinachoweza kusafiri na maji kama yai linavyosafiri, na ushanga wa plastiki wa milimita 8 una sifa hizo zote.

Niliyaona mayai ya trauti kwa mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi, tulipopelekwa kwenye kituo cha serikali cha kuzalishia trauti huko Kiganjo, kilichoanzishwa mwaka 1948. Mfanyakazi mmoja alimshika jike tumboni, akamkamua kwa kidole gumba kuelekea mkiani, na mayai yakatiririka katika beseni la plastiki yakiwa na rangi ya papai bivu. Nilitaka kuyashika, nikazuiwa. Trauti wa Kenya, kama mjuavyo, si wenyeji: wale wa kahawia waliletwa kutoka Uskoti mwanzoni mwa karne iliyopita na kutiwa katika Mto Gura milimani Aberdare, na wale wa upinde wa mvua, ambao asili yao ni huku Pasifiki nilipo sasa, wakafuata miaka michache baadaye. Kwa hiyo nilipomwinua trauti wangu wa kwanza wa Kenai na kuona ule mstari mwekundu ubavuni, nilijihisi kama mtu aliyemjua mjukuu kijijini kwake kisha akakutanishwa na babu ughaibuni.

Sasa nije kwenye sheria, kwa kuwa katika jambo hili sheria na ufundi haviachani. Katika sehemu ya juu ya Kenai, juu ya Ziwa Skilak, hairuhusiwi kuvua kwa chambo. Ndoana iwe moja, na kinachomvutia samaki kiwe cha kutengenezwa na binadamu. Yai halisi la samoni ni chambo, na ukikutwa nalo kwenye ndoana una kesi. Ushanga si chambo. Wala, kwa maneno ya kanuni za Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Alaska, ushanga usiofungwa kwenye ndoana si nzi bandia, yaani ndoana iliyofungwa manyoya ili iige mdudu. Ni kivutio tu. Kutokana na tofauti hiyo yanafuata mambo mawili ambayo mgeni hukosea. La kwanza ni kwamba katika maji yaliyotengwa kwa ajili ya nzi bandia peke yake, ushanga juu ya ndoana tupu hauruhusiwi, hata kama fimbo yako ni ya kurushia nzi na umevaa kofia ya mvuvi wa nzi. La pili, ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya, ni kwamba katika maji yanayotiririka ushanga lazima ama uwe huru kuteleza juu ya mshipi, au ukikazwa, ukazwe si zaidi ya inchi 2 kutoka kwenye ndoana, yaani kama sentimita 5.

Mwaka wangu wa kwanza sikuisoma kanuni hiyo. Nilimsikiliza mtu mmoja niliyemkuta ukingoni, ambaye kwa ukarimu wote alinionyesha jinsi ya kuukaza ushanga kwa ncha ya kijiti cha meno, kisha akaniambia kwamba nikiuweka shubiri moja juu ya ndoana nitanasa samaki wengi zaidi, kwa sababu samaki hataiona ndoana. Alisema kweli kuhusu wingi. Asubuhi ile nilinasa watano, jambo ambalo halijawahi kunitokea kabla, na nilikuwa nimekwisha kuanza kupanga maneno ya kumtambia shemeji yangu. Wa tano alikuja kwa uzito wa ajabu, akizungukazunguka upande mmoja badala ya kupiga mbio, na nilipomwingiza katika wavu nikaona kwamba ndoana haikuwa mdomoni. Ilikuwa imeingia katika jicho la kushoto, kutoka nje. Niliitoa kwa koleo nikiwa nimepiga magoti majini, na mkono wangu ulikuwa unatetemeka si kwa baridi. Samaki aliondoka mwenyewe, lakini aliondoka na jicho moja, na nilipowakumbuka wale wanne wa mwanzo nikatambua kwamba wawili walinaswa shavuni na mmoja chini ya pezi. Mdomoni alinaswa mmoja tu kati ya watano.

Sababu yake ni rahisi ukiielewa namna ushanga unavyofanya kazi. Trauti haimezi ndoana, anauchukua ushanga. Ndoana tupu inafuata nyuma yake ikining'inia kwenye mshipi. Mvuvi anapouvuta mshipi, ushanga unatoka mdomoni kwa kuteleza, mshipi unapita kwenye pembe ya mdomo, na ndoana inayokuja nyuma inakutana na taya na kushika hapo, mara nyingi kutoka upande wa nje. Umbali ukiwa mfupi, ndoana haina mahali pengine pa kwenda ila kwenye pembe ile ya mdomo, ambapo pana gegedu gumu, inashika vizuri na inatoka vizuri. Umbali ukiwa shubiri, ndoana ina uhuru wa kupepea, na unapouvuta mshipi inakwenda kukutana na chochote kilicho karibu: jicho, shavu, matamvua, tumbo. Huko si kuvua kwa kuwa samaki amekula, ni kumkwapua. Na ukiufungia ushanga juu ya ndoana yenyewe, unapata kasoro ya upande wa pili, kwa sababu ushanga hujaza nafasi kati ya ncha na mpini wa ndoana na kuizuia kushika, na pale inaposhika, huwa ndani mdomoni.

Mimi hupima vidole viwili, ambavyo kwa mkono wangu ni kama sentimita nne, ili nisicheze mpakani mwa sheria. Ninapitisha ncha ya kijiti cha meno katika tundu la ushanga pamoja na mshipi, naisukuma mpaka ikaze, kisha naikata kwa wembe ibaki sawasawa na uso wa ushanga. Kijiti kikilowa kinavimba na kukaza zaidi. Siku hizi kuna vipini vya mpira vya kazi hiyo hiyo, visivyouchubua mshipi, na wengine huuzungusha mshipi mara mbili ndani ya tundu la ushanga na kufanya fundo lisilohitaji kipini. Nimejaribu zote na nimerudi kwenye kijiti, labda kwa sababu pakiti moja ya vijiti inanitosha msimu mzima na ninaweza kuukaza ushanga upya hata vidole vikiwa vimekufa ganzi.

Kuhusu rangi nitasema machache kuliko wanavyotarajia wale wanaonijua, maana nimetumia jioni nyingi mno kwenye meza ile ya jikoni. Yai bichi lililotoka tumboni sasa hivi linapitisha mwanga na lina rangi ya chungwa inayoelekea wekundu. Likikaa majini bila kurutubishwa au likipasuka ngozi, maji huingia, protini za kiini huganda, na yai huacha kupitisha mwanga, likawa la rangi ya maziwa lenye chembe ya waridi. Mwanzoni mwa msimu wa kuzaa mto umejaa mayai ya aina ya kwanza, na kufika Oktoba umejaa ya aina ya pili, kwa hiyo shanga nazo hufuata kalenda hiyo, kutoka chungwa kwenda krimu na nyeupe. Rangi ya kucha inaingia hapo. Ushanga wa dukani una rangi moja safi kila upande, wakati yai halisi lina ukungu na madoa, na tabaka moja jembamba la rangi ya lulu huuondolea ushanga ule ukali wa plastiki. Ukubwa nao una maana yake, kwa sababu mayai ya king ni makubwa kuliko ya sockeye. Karibu na mahali wanapozaa king naweka ushanga wa milimita 10, kwingineko 8, na maji yakiwa maangavu na samaki wamechoka kudanganywa nashuka hadi 6.

Hayo yote ni kweli, na hayo yote yana thamani ndogo kuliko jambo moja ambalo nilifundishwa na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye kabla ya kuja Alaska hakuwahi kumwona trauti hata kwa picha. Yeye alikulia Mombasa, akivua changu na kolekole kwa mshipi wa mkononi pamoja na baba yake. Siku ya kwanza niliyomchukua Kenai nilimfungia kila kitu mwenyewe na kumpa mhadhara mrefu wa rangi, nikamwonyesha visanduku vyangu vyenye shanga za rangi kumi na nne. Alisikiliza kwa adabu, akachukua ushanga wa kwanza aliouona, akaingia majini. Kufika saa sita mchana alikuwa amewanasa na kuwaachia samaki saba. Mimi nilikuwa na mmoja, na nilikuwa nimekwisha kubadilisha ushanga mara tisa.

"Shemeji," aliniambia tulipokaa kula, "wewe unamtazama samaki anaona nini. Mimi nasikiliza chubwi. Lako halijagusa chini tangu asubuhi."

Ilikuwa kweli. Chubwi ni kile kizito kidogo kinachouzamisha mshipi, na langu lilikuwa linapita juu juu. Yai la samoni si jani kavu linaloelea juu. Ni zito kidogo kuliko maji, linazama na kubingirika karibu na kokoto, na maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu kwa sababu yanasuguana na sakafu ya mto. Mvuvi anayetumia chelezo, kile kinachoelea juu na kuzama samaki anapogusa, ana mshipi wake mrefu juu ya maji ya kasi na ushanga wake chini katika maji ya polepole, na asipofanya lolote yale ya juu yatauburuta ushanga upite mbele ya samaki kwa mwendo ambao hakuna yai lililowahi kuwa nao. Trauti aliyekwisha kuona mayai elfu moja tangu alfajiri haihitaji elimu kutambua kwamba hilo moja linakimbia. Kwa hiyo kazi yote iko katika kuunyanyua mshipi kutoka juu ya maji mara kwa mara na kuutupa upande mkondo unakotoka, ili chelezo kisivutwe, na katika kuwa na uzito wa kutosha. Chubwi langu naliweka kama sentimita 45 juu ya ushanga, na kutoka kwenye chelezo hadi kwenye chubwi naacha urefu unaozidi kina cha maji kwa nusu yake. Mpangilio ukiwa sahihi, chelezo hutetemeka kidogo kila baada ya sekunde mbili tatu, chubwi linapogonga jiwe na kuliruka. Chelezo kikienda laini kabisa bila kutikisika, kama kilivyokuwa changu asubuhi ile, unaosha ushanga tu.

Na kikizama, vuta. Usisubiri kuhakikisha. Ushanga ni mgumu na hauna ladha, na samaki huutema mara tu anapoutambua, kwa hiyo muda ulio nao ni wa kupepesa jicho. Nimewaona wavuvi wanaovua kwa minyoo wakishindwa kabisa kwa sababu wamezoea kumpa samaki nafasi ya kumeza. Huyu hamezi, na nionavyo mimi hiyo ndiyo fadhila kubwa ya ushanga juu ya chambo halisi, kwa kuwa karibu wote tunaowanasa tunawarudisha majini.

Wapo wanaosema huku si kuvua kwa nzi hata kidogo, na kwamba mtu mwenye fimbo ya nzi, chelezo, chubwi na ushanga anavua kama mtoto kwenye gati, ila kwa vifaa vya bei ghali. Siwapingi sana. Nimevua kwa nzi wa manyoya katika mito ya Thego na Ragati kule nyumbani nilipokuwa kijana, kwa fimbo ya kuazima, na najua furaha ya kumwona samaki akipanda juu kumchukua mdudu uliyemfunga mwenyewe. Ushanga hauna furaha hiyo. Ninachowajibu ni kwamba nzi wa manyoya huiga kile ambacho trauti anakula, na katika Kenai mwezi Septemba trauti anakula mayai. Ila nisieleweke vibaya na wasomaji walioko nyumbani. Mito ya trauti ya Mlima Kenya na Aberdare ina desturi ya nzi bandia peke yake, haina samoni wa kumwaga mayai, na mtu asiende Thego na mfuko wa shanga kwa sababu alisoma makala yangu. Aulize kwanza masharti ya leseni yake.

Kuna jambo jingine la adabu ambalo sheria pekee haitoshi kulilinda. Wakati mzuri wa ushanga ndio wakati ambao chini ya maji kuna mayai yaliyozikwa, na viatu vya mvuvi havijui tofauti. Mahali samoni walipochimba huonekana kama kiraka cha changarawe safi chenye rangi nyepesi, kisicho na utelezi wa mwani, mara nyingi na kishimo upande wa juu na kifusi upande wa chini. Hapo hapakanyagwi. Wala harushiwi samoni mwenyewe aliye juu ya kiota chake. Ushanga unatupwa nyuma yao, penye kina kilichozidi kidogo, ambapo trauti wanaosubiri wanasubiri. Dubu hawana adabu hiyo, na penye makutano ya Kenai na Mto Russian wapo wengi. Lakini dubu naye, samoni wakiwa tele, huacha nyama akachagua mayai, kwa hiyo sisi wote pale mtoni tunaafikiana kuhusu kilicho kitamu.

Oktoba iliyopita nilikwenda mara ya mwisho kabla ya theluji. Samoni wengi walikuwa wamekufa, mizoga imekwama kwenye magogo, na nilikuwa nimefunga ushanga mweupe wa krimu niliojivunia kuliko wote, wenye tabaka mbili za lulu na doa moja la waridi. Nilimnasa Dolly Varden mmoja mwenye tumbo la rangi ya moto, nikamwachia, kisha ndoana ikakwama kwenye gogo, mshipi ukakatika, na ushanga ule ukaenda. Huwa sipendi kuacha plastiki mtoni, hivyo nilitembea taratibu kwenye maji ya magotini, kandokando, nikitazama chini. Nikauona. Ulikuwa umejikinga nyuma ya jiwe karibu na ncha ya kiatu changu, mweupe wa krimu, una doa lake la waridi. Niliinama, nikatia mkono ndani ya maji mpaka kwenye kiwiko, nikaushika kwa vidole viwili, nao ukapasuka.